Fao la kukosa ajira: afisa anayekagua kama umetafuta kazi anakagua nini hasa?

Kila uchumi unapoyumba na watu wakaanza kupunguzwa kazini, mabishano yale yale hurudi. Wapo wanaosema wanaolipwa fao la kukosa ajira wamejikalia kitako wakila jasho la wengine. Wapo wanaosema serikali inawawinda wasio na kazi kana kwamba ni wahalifu. Halafu inatoka habari kwamba mamlaka fulani inawachunguza wanufaika ili kujua kama wametimiza masharti, na kila upande unaichukua kuwa ushahidi wake.

Anayeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hupata picha ya makachero waliojibanza ndani ya gari. Hao wapo, ila kazi yao ni nyingine, na tutaifikia. Uchunguzi unaowagusa walio wengi hufanyika mezani: ripoti ya mwezi, orodha ya maombi ya kazi, kalenda ya miadi, na barua inayomtaka mtu ajieleze. Unachosha kuliko unavyotisha. Hata hivyo, ni ndani ya makaratasi hayo ndimo huamuliwa nani ataweza kulipa kodi ya nyumba mwezi huu.

Tuanze na fao lenyewe, maana lipo la aina mbili na watu huzichanganya. La kwanza ni la bima: ukiwa kazini, wewe au mwajiri wako, au wote wawili, mnachangia mfuko, ukipoteza kazi, mfuko unakulipa kwa muda maalumu. Uingereza ilianza mpango wa lazima wa namna hii kwa sheria ya mwaka 1911, kwa sekta chache tu ambazo ajira zake hupanda na kushuka, kama ujenzi na uundaji wa meli. Ujerumani ilifuata mwaka 1927, na Marekani ikaweka msingi wa mfumo wake kwa Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935. La pili ni la msaada: linatoka kwenye kodi, na hulipwa kwa asiye na michango ya kutosha au aliyemaliza muda wake wa bima, baada ya kipato na mali yake kupimwa.

Wa kwanza anadai alichokichangia, wa pili huonekana kama anaomba, na mengi yanayosemwa mitaani kuhusu "wala bure" huanzia hapo. Lakini wote wawili wana masharti, na yale makuu yanafanana karibu kila mahali. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unamtaja mtu aliyekosa kipato kwa kuwa hakupata kazi inayomfaa, ilhali ana uwezo wa kufanya kazi na yuko tayari kuifanya. Mkataba namba 168 wa mwaka 1988 ukaongeza la tatu: awe anatafuta kazi kweli.

Uwezo, utayari, utafutaji. Karibu kila swali la afisa linaangukia katika mojawapo ya hayo matatu.

Uwezo ndio wenye ubishi mdogo. Ukiugua mpaka huwezi kufanya kazi, kwa kawaida unahamia kwenye fao la ugonjwa na unaacha kuhesabiwa kama mtafuta kazi. Utayari una mitego zaidi. Swali lake ni hili: ukipigiwa simu leo, kesho unaweza kuanza? Aliyesafiri nje ya nchi bila kutoa taarifa, aliyejiandikisha masomo ya kutwa, au asiye na mtu wa kumwachia mtoto mchanga anaweza kukutwa hana utayari hata kama anatuma maombi kila siku. Hapa wengi hushtuka. Wanadhani bidii ya kutafuta inatosha, kumbe sharti la utayari linasimama peke yake.

Kutafuta ndiko kulikosumbua serikali kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu utafutaji mwingi hauonekani. Uingereza ilijaribu kupima nia. Mwaka 1921, ukosefu wa ajira ukiwa umepanda vibaya, iliweka sharti kwamba mwombaji athibitishe anatafuta kazi kwa dhati. Mzigo wa kuthibitisha ukawa wa mtu asiye na kazi, katika miji ambayo kila mtu alijua viwanda vimefungwa. Watu wakalazimika kuzunguka geti hadi geti, kwenye viwanda ambavyo wazi havikuwa vinaajiri, ili tu wakiulizwa "umekwenda wapi wiki hii?" wawe na majina ya kutaja. Sharti lile lilifutwa mwaka 1930, baada ya kuwanyima fao watu wengi mno ambao kosa lao pekee lilikuwa kuishi mahali pasipo na kazi.

Mifumo ya leo imejifunza kwa kiasi fulani. Badala ya kuuliza unataka kazi kiasi gani, inauliza umefanya nini. Uswidi humtaka mtafuta kazi atume ripoti ya shughuli zake kila mwezi, kati ya tarehe 1 na 14. Nchini Australia, tangu Julai 2022 wengi wao wanatakiwa kufikisha pointi kila mwezi, kiwango cha kawaida kikiwa 100, kwa kutuma maombi, kwenda kwenye usaili au kuhudhuria mafunzo. Uingereza huandikiana na mwombaji ahadi rasmi, na anaweza kutarajiwa kutumia hadi saa 35 kwa wiki katika kutafuta kazi, zikipunguzwa kwa mlezi wa watoto au mwenye matatizo ya afya.

Vipimo hivi vina faida moja kubwa, kwamba vinahesabika. Na udhaifu wao ni huo huo. Ni kama daftari la mahudhurio shuleni: linakuambia nani aliketi darasani, halikuambii nani alielewa somo. Mtu anaweza kutuma maombi ishirini ya ovyo kwa simu akiwa kitandani na akawa safi mbele ya mfumo, na mwenzake akatumia wiki nzima kuandaa ombi moja la kazi inayomfaa kabisa akaonekana mvivu. Maafisa wazoefu wanalijua hili vizuri. Swali ni kama ofisi zao zinawapa muda wa kulifanyia kazi.

Tuchukue mwezi mmoja wa mtu wa kubuni, fundi umeme aliyepunguzwa kazini, tuone ripoti yake inavyopitiwa. Ameandika maombi sita. Afisa anakuta mawili yamekwenda kampuni moja. Lingine ni la nafasi ambayo tangazo lake lilikuwa limeshafungwa siku aliyoomba. Lingine tena limeandikwa tu "nilipiga simu", bila jina wala namba. Kalenda inaonyesha kwamba tarehe 12, saa nne asubuhi, alikuwa na miadi na mshauri wa ajira na hakutokea. Juu ya hayo, taarifa za mishahara kutoka kwa waajiri zinaonyesha aliingiziwa fedha mwezi huo huo, ilhali kwenye fomu yake amejaza sifuri.

Kwa juu juu, huyu amekwisha. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni uamuzi. Ni maswali tu, na sheria nyingi zinamtaka afisa ayaulize kabla ya kugusa fao. Barua inatoka: jieleze ndani ya siku kadhaa. Fundi anajibu. Yale maombi mawili yalikuwa ya nafasi mbili tofauti katika matawi mawili. Tangazo lililofungwa alilikuta bado liko kwenye tovuti ya tatu iliyolinakili. Saa ile ya miadi alikuwa kwenye usaili, na ana ujumbe wa mwajiri uliomwita jioni iliyotangulia. Fedha zilizoingia ni malipo ya likizo ambayo hakuichukua, kutoka kwa mwajiri wa zamani, yaliyochelewa miezi miwili. Kuhusu ile simu, kweli hana ushahidi.

Baada ya majibu hayo, yanabaki mambo madogo mawili. La simu, anaonywa aandike jina na tarehe siku nyingine. La fedha ni gumu zaidi, kwa sababu katika mifumo mingi malipo ya likizo hutakiwa kutajwa hata kama si mshahara wa kazi mpya, na huenda sehemu ya fao ikakokotolewa upya. Ofisi yenye haraka ingeona makosa matano na kukata. Tofauti kati ya ofisi hizo mbili ni barua moja na mtu wa kuisoma.

Sababu ya kukosa miadi ina nafasi yake maalumu katika sheria hizi. Huitwa sababu ya msingi: ugonjwa, msiba, usaili, usafiri uliokatika, au barua ya wito iliyofika baada ya tarehe. Kutotokea peke yake hakutoshi kumtia mtu hatiani. Kinachotazamwa ni kutotokea bila sababu ya msingi. Ndiyo maana ushauri wa kwanza wa watetezi wa wasio na kazi huwa ni kutoa taarifa mapema, hata kwa ujumbe mfupi, kwa sababu udhuru uliotolewa kabla ya saa ya miadi una uzito kuliko ule ule ukitolewa wiki mbili baadaye.

Kuna jambo la muundo ambalo halizungumzwi sana. Yule anayegundua kasoro anapaswa kuwa ndiye anayeamua adhabu? Uswidi imewatenganisha. Wakala wa ajira akiona mtu hakutimiza sharti, anapeleka taarifa kwenye mfuko wa bima ya kukosa ajira. Mfuko ndio unaomwuliza mhusika na kutoa uamuzi, na taasisi ya tatu ya ukaguzi inawasimamia wote. Ni mfumo wenye makaratasi mengi, lakini binafsi naona una busara. Mshauri ambaye ni rafiki yako asubuhi na hakimu wako jioni hawezi kuambiwa ukweli, na mtu asiyemwambia mshauri wake ukweli hasaidiki kupata kazi.

Sasa tuje kwenye uvumi ulioenea kuliko wote, kwamba ukipokea fao unalazimika kukubali kazi yoyote. Si kweli, ingawa kinyume chake si kweli pia. Mikataba yote miwili niliyoitaja inazungumzia kazi inayofaa, na ule wa 1988 unataja mambo ya kupimwa: umri, muda aliotumikia kazi yake ya zamani, uzoefu, muda aliokaa bila kazi, hali ya soko la ajira, na athari kwa maisha yake binafsi na ya familia. Unataja pia jambo la ajabu kidogo kwa asiyejua historia ya vyama vya wafanyakazi, yaani kama nafasi hiyo imebaki wazi kwa sababu ya mgogoro wa kazi unaoendelea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 ilishaliona hilo: mtu hawezi kunyimwa fao kwa kukataa kuchukua nafasi ya aliyegoma, wala kwa kukataa kazi yenye ujira au masharti mabaya waziwazi kuliko yale ya kawaida ya kazi kama hiyo katika eneo lake. Bila kinga hiyo, ofisi ya ajira ingegeuka kuwa chombo cha kuvunja migomo na kushusha mishahara ya watu wote, hata ya walio kazini.

Lakini maana ya kufaa hupanuka kadiri miezi inavyokwenda. Bima ya Ujerumani imeiandika kwa hesabu. Katika miezi mitatu ya kwanza, unaweza kukataa kazi inayolipa pungufu ya mshahara wako wa zamani kwa zaidi ya asilimia 20. Katika mitatu inayofuata, kiwango ni zaidi ya asilimia 30. Kuanzia mwezi wa saba, kigezo cha mshahara kinabaki kimoja: kazi isilipe, baada ya makato, chini ya fao lenyewe. Kwa hiyo watu wawili waliokataa kazi ile ile, siku ile ile, wanaweza kupata majibu tofauti na wote wakawa wametendewa kwa haki. Anayesimulia kisa cha jirani aliyekataa kazi na bado analipwa, mara nyingi hajui jirani huyo yuko mwezi wa ngapi.

Mkanganyiko mwingine ni kuyaweka katika kapu moja mambo matatu ambayo sheria inayatenga. Kutotimiza sharti ni jambo la kwanza: hukuomba kazi za kutosha, hukuja kwenye miadi. Adhabu yake ni onyo, kusimamishiwa malipo kwa siku au wiki kadhaa, au kukatwa kiasi. La pili ni malipo yaliyozidi: ulilipwa usichostahili, pengine kwa kosa la ofisi yenyewe, na unaweza kudaiwa urudishe bila mtu yeyote kukuita mwongo. La tatu ni udanganyifu, na huo unahitaji kuthibitisha kwamba ulijua na ulikusudia. Ni kwenye hili la tatu tu ndipo makachero wale wa mwanzo wanaingia, na ndipo mahakama ya jinai inapotajwa.

Udanganyifu mkubwa upo, tusidanganyane. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2023 kwamba kati ya dola bilioni 100 na 135 za mafao ya kukosa ajira ziliibwa wakati wa janga la UVIKO-19. Njia moja iliyojulikana sana ilikuwa wizi wa utambulisho: watu na magenge waliomba kwa majina ya wengine, baadhi ya wenye majina wakiwa na kazi zao kama kawaida. Hebu fikiria ukaguzi wa orodha za maombi ya kazi ungefanya nini hapo. Mwizi hana kazi ya kutafuta, na orodha ya uongo ataijaza vizuri kuliko mtu mwaminifu aliyechoka. Kuzidisha miadi na fomu kwa wanaotafuta kazi kweli kwa jina la kupambana na wizi wa aina hiyo ni kufunga mlango ambao mwizi hakuutumia.

Na hapo ndipo mashine zinapoingia, kwa sababu kila serikali hupenda kusikia kwamba programu inaweza kukagua maelfu kwa usiku mmoja. Kulinganisha taarifa si jambo baya. Marekani ina kanzidata ya kitaifa ya walioajiriwa karibuni, na sheria ya shirikisho inamtaka mwajiri amripoti mfanyakazi mpya ndani ya siku 20. Taarifa kama hiyo humkamata anayelipwa fao huku ameshapata kazi, tena mapema, kabla deni halijawa kubwa. Ubaya huanza pale tofauti kati ya takwimu mbili inapochukuliwa kuwa hukumu.

Australia ilijifunza hilo kwa gharama kubwa kupitia mpango uliokuja kuitwa Robodebt. Kuanzia mwaka 2015, mamlaka ilichukua kipato cha mwaka cha mtu kutoka mamlaka ya kodi, ikakigawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, kisha ikalinganisha na kile alichoripoti. Tupige hesabu. Mtu amefanya kazi nusu ya kwanza ya mwaka, analipwa dola 2,000 kila wiki mbili, jumla dola 26,000. Nusu ya pili hana kazi, anapokea fao na anajaza sifuri, ambayo ni kweli tupu. Mashine inagawa 26,000 kwa 26, inapata 1,000, na kusema: vipindi vyote vile ulivyoandika sifuri ulikuwa na kipato cha dola 1,000. Deni linazaliwa. Ili kulikana, mtu alitakiwa atafute hati za malipo ya mishahara za miaka iliyopita, wakati mwingine kutoka kwa waajiri waliokwisha kufunga biashara. Novemba 2019 serikali ilikubali mbele ya Mahakama ya Shirikisho kwamba deni la namna hiyo halikuwa na msingi wa kisheria. Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti Julai 2023 ilitumia maneno makali kuueleza mpango huo, likiwamo neno ukatili.

Jimbo la Michigan nchini Marekani lilifika mbali zaidi. Kati ya 2013 na 2015 mfumo wake wa kompyuta uliwatia watu hatiani kwa udanganyifu, mara nyingi bila binadamu kuangalia faili, na adhabu ilikuwa mara nne ya kiasi kilichodaiwa. Maswali ya kujieleza yalitumwa hata kwenye akaunti za mtandaoni ambazo watu walishaacha kuzifungua, kwa kuwa hawakuwa wakipokea fao tena. Asiyejibu alihesabiwa amekiri. Jimbo lenyewe lilipopitia upya maamuzi yaliyofanywa na mashine peke yake, liligundua kwamba asilimia 93 hayakuwa sahihi. Ukirudi kwa fundi wetu wa umeme, Michigan ingemchukua pale kwenye barua ya kujieleza: kama barua haikumfikia, majibu yake yote mazuri yasingesomwa na mtu.

Je, ukali unasaidia watu kupata kazi? Jibu la tafiti za Uholanzi na Uswisi lina pande mbili: waliokatwa fao huondoka haraka kwenye orodha ya wasio na kazi, lakini ule wa Uswisi uliofuatilia walikoishia ulikuta kazi zenye kipato kidogo zaidi. Mwanasiasa atanukuu sentensi ya kwanza, mpinzani wake ya pili. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ililitazama suala kwa upande mwingine tarehe 5 Novemba 2019, kuhusu fao la msaada. Ilikubali kwamba serikali inaweza kumtaka mtu ajitahidi na kumwadhibu akikaidi, ila ikakataa makato ya asilimia 60 na 100 kwa sheria ilivyokuwa, ikiruhusu hadi asilimia 30. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba riziki ya chini kabisa inatokana na utu wa mtu, na utu hauondoki mtu anapokosea.

Limebaki swali la nani anashika fedha wakati jambo halijaamuliwa. Marekani ilikutana nalo mwaka 1970 katika kesi ya Goldberg v. Kelly, iliyohusu msaada wa umma na si bima ya kukosa ajira. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba msaada hauwezi kusitishwa kabla mhusika hajapewa nafasi ya kusikilizwa, kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa chakula chake hana nguvu ya kuendesha rufaa. Si kila nchi inafuata hivyo. Nchini Uingereza, anayepinga uamuzi kwa kawaida ana mwezi mmoja wa kuomba ufikiriwe upya kabla ya kwenda kwenye baraza la rufaa, na makato yanaweza kuendelea wakati huo. Kwa hiyo barua ikifika, tafuta kwanza tarehe ya mwisho ya kujibu, kisha ibara ya sheria unayodaiwa kuivunja, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kama unatuhumiwa kukosa miadi, kulipwa zaidi au kudanganya. Jibu kwa maandishi hata kama umeshaongea na mtu kwa simu, ambatisha nakala na si hati halisi, na ukiwa na haki ya kuomba faili lako, liombe siku hiyo hiyo.